Sukari Haiingii Nyumba Hii

Kazini walimwita Bi Kufuli, naye hakuudhika. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mtunza stoo ya mashuka na taulo katika hoteli moja kubwa, na stoo ile ilinyooka kama mstari wa rula. Taulo za uso rafu ya juu, za kuogea rafu ya kati, mashuka ya vitanda vikubwa kulia, ya vitanda vidogo kushoto. Mhudumu wa vyumba aliyekuja kuchukua foronya mbili aliondoka na foronya mbili, si tatu, na aliyeleta mdomo alikuta mlango umeshafungwa.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa shaghalabaghala. Kabati la jikoni lilifungwa kwa kusukumwa na goti, vifuniko havikujua sufuria zao, na vitunguu viliozea kapuni huku vingine vikinunuliwa. Mumewe, fundi umeme wa zamu, alizoea kusema kwamba mkewe huziacha akili zote stoo na kurudi nyumbani na mkoba tu. Alisema kwa utani, naye alicheka, ingawa ilimchoma kidogo.

Kilichomchoma hasa kilitokea Desemba, alipompeleka mama mkwe wake kliniki ya kisukari. Mama huyo alikuwa mpiga chapa mstaafu, mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, na tangu afiwe na mumewe aliishi nao. Daktari alitazama majibu ya kipimo, akakunja uso, akauliza ni nani anayempikia mgonjwa. Hakumuuliza mgonjwa mwenyewe. Alimtazama mkwe kwa jicho la pembe, kama amemshika na vitu vya wizi mkononi. Swali lile lilimkaa Bi Kufuli kooni kama mwiba wa samaki hadi mwaka ukaisha.

Basi siku ya mwisho ya mwaka alikata ubavu wa boksi la sabuni, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika maazimio ya nyumba. Kila kitu na mahali pake. Mafuta yapimwe kwa kijiko, si kwa jicho. Kisinunuliwe kitu kabla kilichopo hakijaisha. Taa ya chumba kisicho na mtu izimwe. Kutembea nusu saa kila asubuhi. Wali kikombe kimoja kwa kila mtu, mboga bila kipimo. La mwisho aliliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari mara mbili: sukari haiingii nyumba hii.

Boksi likabandikwa kwenye mlango wa jikoni. Mumewe alisoma, akauliza kama na yeye atapimwa kwa kijiko. Mama mkwe alivaa miwani, akasoma taratibu toka juu hadi chini, akaomba penseli, akafuta herufi moja iliyozidi katika neno "kilichopo". Kisha akauliza, "Na mimi nimo?"

"Wote tumo, Mama."

Mama mkwe akamrudishia penseli.

Wiki ya kwanza Bi Kufuli alijifunga kibwebwe kwelikweli. Wanawe wawili pacha walikuwa likizo kwa mama yao mdogo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumvurugia. Makopo yalipata majina, kitambaa cha vyombo kikapata msumari wake, na dawa na vifaa vyote vya mama mkwe vikaingia katika boksi moja jeupe juu ya friji. Sukari iliyokuwapo, kopo zima, alimpelekea jirani yao fundi cherehani, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kumwombea mwaka mrefu. Chai ya nyumba ile ikawa chungu. Mumewe aliinywa huku amefumba jicho moja, kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Mama mkwe aliinywa bila kulalamika, na kimya chake kilimfurahisha mkwe. Alikichukua kuwa ni kukubali.

Jumamosi ilikuwa zamu ya usafi wa vyumba. Mume alikuwa kazini tangu alfajiri. Saa moja mama mkwe alijidunga sindano yake ya insulini kama kawaida, akanywa uji wa kikombe kimoja kilichopimwa, akatoka kukaa barazani kupisha ufagio. Bi Kufuli akageuza godoro. Chini ya mto, ndani ya leso iliyofungwa fundo, akakuta pipi kumi na moja.

Damu ilimpanda. Alijiona tena mbele ya daktari yule, akiulizwa nani anampikia mgonjwa, kumbe mgonjwa anajipikia mwenyewe chini ya mto. Akatoka nazo barazani mkononi.

"Mama, hizi ni nini?"

"Pipi."

"Na daktari alisema nini?"

Mama mkwe aliitazama leso yake, akamtazama mkwewe. Alikuwa mtu aliyefanya kazi miaka thelathini chini ya mabosi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpekua mkoba. Midomo ilimcheza kidogo kama anayetafuta pa kuanzia, kisha akaifunga.

"Chukua," akasema. "Nyumba ni yako."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Bi Kufuli alibaki amesimama na leso, neno lile likimuuma kuliko tusi. Lakini hasira ilikuwa bado juu, na gari la taka lilikuwa linapiga honi mwisho wa mtaa. Akazitia pipi katika mfuko wa taka, akaufunga fundo, akaupeleka mwenyewe.

Kisha, kama wafanyavyo wengi wenye dukuduku, akajitupa kazini. Alitoa kabati zima la jikoni na kulimwaga sakafuni. Alipangusa, akapanga, akapangua. Chakula cha mchana, ambacho siku zote kilikuwa mezani saa sita, saa saba kilikuwa bado hakijabandikwa jikoni. Alimwita mama mkwe mara moja, akamuuliza kama ana njaa. Sauti ilijibu nyuma ya mlango kitu kisichoeleweka, cha mkato. Amenuna, akawaza. Na anune, njaa itamtoa. Alipoita mara ya pili hakujibiwa kabisa, naye akauma meno akaendelea kupanga sahani.

Wali ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuchemka aliposikia kishindo. Si kikubwa, kama kitabu kilichoanguka. Akaenda, akagonga, akafungua.

Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Saa ya mezani ilikuwa sakafuni. Gauni lilikuwa limelowa jasho mgongoni kana kwamba amenyeshewa, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ilihangaika na kifungo cha kola ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Aliinua macho, akamwita Bi Kufuli kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani, akamuuliza kama basi limeshapita.

Bi Kufuli alichomoa simu mfukoni. Alidhani ni kiharusi. Akampigia mumewe, simu ikaita mpaka ikakata, maana fundi huyo huwa juu ya nguzo na simu iko kwenye gari. Akapiga tena. Halafu akakumbuka namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, na akaruka sufuria zilizotapakaa sakafuni hadi kwenye boksi jeupe juu ya friji. Hapo mpangilio wake ulimfaa: kadi ilikuwa juu, na kipimo cha sukari chini yake. Muuguzi aliyepokea hakupoteza muda. Akamwambia amchome kidole mgonjwa na kumsomea namba.

"Mbili nukta moja," akasoma.

"Sukari imeshuka sana hiyo. Anaweza kumeza?"

"Anaongea. Anaongea ovyo, lakini anaongea."

"Mpe sukari sasa hivi. Vijiko vitatu, maji kidogo. Usingoje."

Bi Kufuli aligeuka akalitazama jiko lake. Makopo yote yalikuwa na majina.

"Hakuna," akasema.

"Asali? Soda? Juisi? Basi hata pipi. Wagonjwa wetu wote wa sindano tunawaambia wakae na pipi karibu."

Simu ilikuwa bado sikioni, lakini hakusikia kilichofuata. Alimlaza mama mkwe kwa ubavu katikati ya kitanda, mbali na ukingo, akatoka mbio bila viatu. Nyumba ya fundi cherehani haikuwa mbali, milango mitatu tu, ila siku ile mtaa ulirefuka kama unaovutwa. Fundi alikuwa anampima mteja kiuno. Bi Kufuli alisema neno moja, sukari, na fundi alipomwona uso hakuuliza ya nini. Aliachia utepe ukaanguka, akampa kopo lilelile.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amefumba macho. Akamwinua, akamwegemeza kifuani pake, akamwita. Macho yakafunguka nusu. Akamwekea kikombe cha maji ya sukari mdomoni, na mkono wa mama mkwe ukakisukuma, maji matamu yakamwagika kifuani.

"Kunywa, Mama. Tafadhali kunywa."

"Umekataza," mama mkwe akasema kwa ulimi mzito. "Imeandikwa."

Bi Kufuli alivuta kopo karibu. Alijaza tena, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akamsihi tone kwa tone. Funda la kwanza lilipita. La pili likapita. Alikaa hapo akihesabu pumzi za mwenzake, harufu ya wali unaoungua ikiingia chumbani, asithubutu kusogea. Baada ya robo saa alipima tena: tatu nukta nane. Akampa kikombe kingine. Jasho likaanza kukauka, mikono ikatulia, na hatimaye mama mkwe akamwita kwa jina lake mwenyewe na kumwambia kuna kitu kinaungua jikoni.

Walikula mkate, kwa kuwa wali ulikuwa hauliki. Bi Kufuli alikaa sakafuni miguuni pa kitanda. Akauliza kwa nini hakuambiwa pipi zile zilikuwa za kazi gani.

"Uliniuliza ni nini," mama mkwe akasema. "Hukuniuliza ni za nini."

Baadaye, huku akitazama ukutani, akakiri kwamba na yeye alikuwa na kosa lake. Neno moja lingetosha pale barazani, lakini kiburi kilimkaba, na mara baada ya kufunga mlango hakuweza tena kuona njia ya kuufungua. Kisha akasema kwamba mwanawe asiambiwe. Atasema alisikia kizunguzungu kwa sababu ya joto, yaishe.

Ilikuwa njia rahisi, na Bi Kufuli aliitamani. Mumewe aliporudi saa kumi na mbili, alikuta vyombo bado vimetapakaa sakafuni, akauliza kulikoni. Mama yake akaanza habari ya joto. Bi Kufuli akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaeleza yote: leso, mfuko wa taka, chakula kilichochelewa, zile mara mbili alizoita na kuudhika badala ya kufungua mlango. Hakujitetea kwa kumtaja daktari wala maazimio ya mlangoni.

Mumewe alisikiliza akiwa amesimama, mkanda wa vifaa bado kiunoni.

"Ungemuua mama yangu kwa usafi," akasema.

Hakupaza sauti. Alikwenda kuketi na mama yake, na kwa siku mbili hakumsemesha mkewe zaidi ya salamu. Jumatatu Bi Kufuli aliomba ruhusa kazini, akamfuata mama mkwe kliniki na daftari. Aliuliza maswali mpaka muuguzi akamletea kiti: sindano inangoja chakula dakika ngapi, kutembea kunashusha kiasi gani, kikombe cha wali kipunguzwe au kisipunguzwe. Kisipunguzwe bila kupunguza dozi ya sindano, akaambiwa. Aliporudi alibandua boksi mlangoni. Maazimio mengine aliyarudisha kwa mdomo, moja moja, kwa kuuliza kwanza. Mumewe, aliyekuwa ameanza kuizoea chai ile chungu, aliamua mwenyewe kuendelea nayo, na siku ya tatu alimtania mkewe kwamba sasa anafumba macho yote mawili. Bi Kufuli aliingia bafuni akalia hapo, bomba limefunguliwa, kisha akakumbuka maji yanapotea, akalifunga.

Kufikia mwezi wa nne namba za mama mkwe zilikuwa nzuri kuliko miaka yote. Chakula kinapanda mezani saa sita kamili, na huyo mpiga chapa mstaafu ndiye anayesimamia saa. Wanaongea, wanacheka, wanachambua mboga pamoja. Ila chumba chake mama mkwe anakifagia mwenyewe. Bi Kufuli hupita pale mlangoni na ufagio, huuliza kama kuna cha kusaidia, hujibiwa kwa upole kwamba hakuna, naye huendelea na korido.