Njia ya Mtungi Kichwani

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Wa rika langu mmeshanielewa. Uwele ulikaukia shambani, mtama vilevile, yakaletwa mahindi ya njano yenye harufu ya gunia, tukayala kwa mlenda mkavu na hatukuuliza yametoka wapi. Mimi nilikuwa wa kubeba mtungi mdogo, meno ya mbele hayajarudi yote, na kazi yangu ilikuwa kumfuata mama kisimani kabla ya shule, hiyo shule yenyewe niliyoiacha mapema.

Kisima kilikuwa kwenye korongo la mchanga. Tulichimba, tukangoja maji yajikusanye, tukachota taratibu yasichafuke. Hata sasa nayasikia yakinitiririka shingoni, vumbi jekundu likigeuka tope katikati ya vidole vya miguu. Njiani tulimumunya ubuyu tukashindana kutema mbegu mbali, mtungi kichwani, bila kuushika. Vijana wa leo wakitumwa chumvi dukani wanaita bodaboda, na wakirudi wanasema wamechoka.

Kijijini kwetu kulikuwa na utaratibu. Mwanamume akitaka kulima mahali palipopita njia, hakukatazwa. Ila kwanza afyeke njia nyingine kwa jembe lake mwenyewe, kisha kina mama waipite na mitungi imejaa. Ikiwalazimu kuitua, kwa mwinuko au kwa urefu, njia imekataliwa, ile ya zamani inabaki palepale katikati ya shamba lake.

Mwaka huo wa njaa Mzee Chisunga, mtu wa ng'ombe wengi na maneno mengi, alilitaka bonde letu. Akaziba njia kwa miiba, akafyeka nyingine ya kuzungukia kilima. Mama akatangulia, sisi nyuma, Chisunga pembeni na fimbo yake. Katikati ya kilima mama akasimama, akatua mtungi, akakaa juu ya jiwe. Wenzake wote wakatua. Hakuna aliyegomba.

"Shemeji, si umechoka leo tu?" Chisunga akauliza.

"Nimechoka leo. Na kesho nitachokea hapahapa."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Chisunga naye akacheka, akaenda kung'oa miiba yake. Mtama wake ulipokua msimu uliofuata, tulipita katikati yake kama wageni wa harusi.

Leo naishi mjini, Nzuguni, na mjukuu wangu Neema, mtoto wa binti yangu aliyeko Mpwapwa. Barabara ya lami ilipopitishwa kati ya nyumba zetu na shule, sikuichukia. Lami ni tamu, asikudanganye mtu. Lakini kivuko kilipangwa mbali, kule kwenye taa, na watoto walikuwa wameanza kukimbia katikati ya malori. Binti yangu akapiga simu: "Mama, kama mambo ndiyo hayo, namchukua Neema aje asome huku." Nyumba yangu bila huyo mtoto ni kuta tu.

Niwaambie mapema ili msisome na wasiwasi: kivuko kipo. Mistari myeupe mbele ya shule, matuta huku na huku. Malori yanasimama, Neema anavuka akirusha mikono kama askari wa gwaride, nami nipo kibarazani na chai yangu, nimevimba kichwa kama niliimwaga lami ile mimi mwenyewe.

Kilipatikana kwenye kikao cha mtaa. Mhandisi alikuwa kijana mwenye adabu, ametuamkia wazee wote shikamoo. Akabandika mchoro ukutani, akaeleza kwamba mji unabadilika, magari yanaongezeka, nayo yanahitaji mwendo. Yote kweli. Akamalizia, "Kwa hiyo watoto watazunguka kidogo tu."

Nikasimama. "Mwanangu, huo mji unaobadilika ndimo tunamolala sisi. Mimi sizunguki, na Neema hazunguki."

"Bibi, kaa kwanza, mtaalamu amalize," mwenyekiti akasema.

"Mwache asimame," mama mmoja akajibu kutoka nyuma. "Wewe mwenyekiti hata dukani unakwenda na pikipiki, utajua nini?"

Watu wakacheka, halafu wakanigeukia. Nilimkumbuka mama yangu. Enzi zao kutua mtungi kulitosha, mwenye kuona ameona. Siku hizi ni kikao, kipaza sauti na posho ya soda, na vijana wetu wenye mapafu mazima wameinamia simu wakati bibi zao wanasimama. Njia zimekuwa pana, nazo zinatuuliza mara chache kuliko zile nyembamba.

Mhandisi akaja, akachuchumaa mbele yangu kama mjukuu anayeomba radhi. "Bibi, naomba nikueleweshe. Ukishazunguka siku chache utazoea."

Nilimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na sauti nzuri, mtoto wa watu.

"Mimi sizunguki, na Neema hazunguki."