Chanjo na Sala Mwaka wa Ndui

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nisikiapo mtoto analia kwa homa. Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Ndui ilikuwa imeingia Bigwa, na sisi tuliokaa juu mlimani tulikuwa tukiitazama njia kwa hofu, tukimwogopa hata jirani anayepandisha mzigo wa ndizi.

Jumbe akapita akitangaza kwamba daktari wa serikali anakuja na askari kuchanja watu wote. Daktari yule hakuuliza nani anasali na nani hasali. Alitaka mkono tu. Wengi walikimbilia msituni. Ilisemwa kwamba anayechanjwa anatiwa ugonjwa wenyewe, tena kuchanjwa ni kumwambia Mungu kuwa hatumtegemei. Mama yangu aliamini hivyo.

"Mimi siendi," alisema. "Aliyeniumba anaijua siku yangu."

Mimi nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, Salima, bado ananyonya. Nilikwenda. Daktari akanishika kiwiko. Akanichanja, akamchanja na mtoto.

Haukupita muda, mkono wa Salima ukavimba, mwili ukawaka moto. Akakataa titi. Mama akasimama mlangoni akinitazama.

"Umeileta ndui ndani mwenyewe," akasema. "Akifa huyu, utamjibu nini Mungu?"

Maneno yale yalinikata maini. Nikaacha kusali. Si kwa ukaidi, mwanangu, ila kwa haya na woga. Niliona nimekwisha kumwacha Mungu kule kwa daktari. Nitarudije mbele zake?

Mjomba Kibwana, ndugu yake mama, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani, alikuja kututazama. Nilimwamkia shikamoo, nikaangua kilio. Alipojua kwamba sisali, alikasirika kuliko nilivyopata kumwona.

"Nani kakwambia Mungu alibaki nyumbani wewe ulipokwenda kuchanjwa? Mtoto anaungua, nawe unamkimbia unayepaswa kumwomba! Nenda katawadhe."

Nikatawadha, nikasali. Homa ikashuka taratibu, Salima akanyonya.

Miezi michache baadaye ndui ikapanda mlima, ikamshika mama. Wakamtenga kwenye kibanda cha shambani, kama ilivyokuwa desturi, na chakula kikawekwa mbali. Mjomba akawauliza wanawake wa ukoo nani atamwuguza. Hakuna aliyejitolea. Nikasema nitakwenda, Salima nikamwacha kwa mke wa mjomba.

Usidhani chanjo iliniondolea hofu. Nilipofika kwenye kile kibanda, harufu ilinirudisha nyuma, na uso wa mama sikuutambua.

"Usiniguse," akanong'ona. "Utakufa."

"Nimechanjwa, mama."

Akasema, "Basi nisomee."

Nikamdondoshea maji mdomoni, nikamsomea aya chache nilizozijua, mpaka pumzi yake ikakatika. Nikamwosha mwenyewe, nikamvika sanda. Wengi waliokufa mwaka ule walizikwa bila kuoshwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwagusa. Mama yangu aliagwa kama Mwislamu, na aliyeniwezesha kumfanyia hayo, baada ya Mungu, ni yule daktari asiyejua hata jina la mama.

Ninakwambia haya, mwanangu, kwa sababu utasoma kuliko sisi. Wapo watakaokwambia dawa imemaliza kazi ya Mungu, na wapo watakaokwambia kumwamini Mungu ni kukataa dawa. Wote usiwafuate. Ukiugua, nenda hospitali, na njiani uombe. Tena usimtishe kwa jina la Mungu mzazi aliyepakata mtoto mgonjwa. Mama alinipenda sana; siku ile mlangoni iliyosema ni hofu tu, na mimi nikadhani imesema dini.

Mungu akupe akili ya kutafuta na moyo wa kushukuru. Akulindie watoto wako na kila maradhi. Na siku yako ikifika, usikose mtu wa kukaa karibu nawe bila woga. Amina.