Kaka Kilomita na Masaa Manane ya Ndege

Kaka yangu mkubwa ameendesha malori ya mizigo miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, ana kitambi na miwani ya kusomea, lakini hakuna safari asiyoitolea hesabu. Umbali gawanya kwa mwendo, basi. Nyumbani tunamwita Kilomita. Ukimwambia kuna foleni, kuna mizani, kuna kulala njiani, anakutazama kama umemtukana. Mama mkwe wangu alisafiri kwa hesabu zake akafika harusini viti vinakunjwa, na Kilomita akasema mzembe ni dereva wa basi. Yeye hajawahi kukosea tangu azaliwe.

Wiki iliyopita mama alilazwa, utumbo umejisokota. Daktari alituambia bila kuzunguka: apasuliwe kabla ya saa saba mchana, la sivyo tutampoteza. Mama akagoma kutia sahihi fomu ya upasuaji. Alitaka kwanza amwone kitinda mimba wetu anayeishi ughaibuni, ambaye alikuwa amepanda ndege alfajiri hiyo.

"Atafika saa ngapi?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Kilomita akaniwahi. Alikuwa amepima kwa rula kwenye atlasi ya mjukuu wake: kilomita elfu saba na mia mbili, uwanja hadi uwanja. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa.

"Masaa manane, Mama. Ameondoka saa kumi, saa sita yuko hapa."

Nilimvuta hadi koridoni. Nikamwambia kuna kubadili ndege, na tiketi inasema safari nzima ni masaa ishirini na manne.

"Wauza tiketi huwajui wewe," akasema. "Huko juu hakuna mizani wala matuta. Itacheleweshwa na nini?"

Nilitamani kumzaba kibao, mtu mzima na mvi zake. Mama naye hakutaka kunisikia. Mambo ya njia kwake ni ya Kilomita tu. Saa tatu alikataa kalamu. Saa nne akakataa tena, jasho linamtiririka, tumbo limevimba. Muuguzi alinitazama mimi, kana kwamba hesabu zile nilizipiga mimi. Niliogopa, na hasira juu.

Saa tano ujumbe ukaingia kwenye simu ya Kilomita. Mdogo wetu aliandika kwamba ameshuka njiani, anasubiri ndege ya pili masaa kumi, tuonane kesho alfajiri. Kaka akausoma mara tatu.

Akasogea kitandani, akavua miwani.

"Mama, nimekosea hesabu," akasema. "Hafiki leo."

Mama alimkazia macho. Kisha akamnyooshea muuguzi mkono.

"Lete hiyo kalamu," akasema. "Kama huyu amekubali kwamba amekosea, basi hali yangu ni mbaya kweli."