Chini ya Meza ya Siagi

Shangazi yangu, fundi cherehani, haombi kitu, huamuru. Kwa hiyo aliposema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipeleke shambani," nilizima jiko nikatafuta viatu.

Shamba lenyewe ni lile la zamani alikozaliwa. Siku hizi watu hulipa kiingilio ili watazame jumba la mwenye shamba, mazizi na chumba cha maziwa. Mama yake alikuwa akitengeneza siagi humo, akafariki baba yangu angali ananyonya. Picha hakuna. Shangazi anakumbuka mikono, kitambaa cha kichwani na harufu ya maziwa, lakini sura imemtoka.

"Nitakufa nimkute huko, nimpite kama mgeni," aliniambia njiani. Nikamtania kwamba kwa mkoba wake ule mkubwa lazima mama yake ndiye atakayemsimamisha. Hakucheka.

Jumba tulilipita bila hata kuchungulia. Ukungu ulikuwa haujaondoka, miti imejipanga kimya pande zote mbili, nami nikahisi tunatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Chumba cha maziwa kilikuwa na ubaridi mtamu: kuta nyeupe, meza ndefu ya jiwe, pipa la kusukasukia maziwa. Shangazi akatazama, akatazama tena. Sura haikumjia. Roho iliniuma kwa kumleta.

"Nyie watoto mlikuwa mnakaa wapi?" nikauliza, ili niseme chochote tu.

"Hapo chini ya meza. Sakafu ilikuwa inatupoza, tunalala."

 Akanikabidhi mkoba, akapiga magoti, akajilaza chali na gauni lake zuri, kichwa kikichomoza ukingoni mwa meza.

"Mama, hapa hairuhusiwi kulala," mlinzi akasema kutoka mlangoni. Nikamkata jicho, lile alilonifundisha Shangazi mwenyewe, naye akanywea.

"Simama alipokuwa anasimama," Shangazi akaniambia. "Inama kidogo, kama unaniangalia."

Nikainama. Mwanga wa dirishani ulikuwa mgongoni mwangu. Alinitazama muda mrefu, macho yakinipita na kwenda mbali, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Miaka yote hii namtafuta mama mtu mzima." Akanishika shavu. "Kumbe alikuwa msichana tu. Mdogo kuliko wewe."