Mashine ya Mzee Sabini

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kwa miaka mitatu alikuwa pia kocha wa timu ya taifa ya raga. Mechi yake ya kwanza walifungwa sabini kwa bila, mtaa mzima ukaanza kumwita Mzee Sabini. Yeye akaitika. Akaokota vyuma chakavu karakanani kwake, akaunda mashine ya mazoezi ya kusukumana, mbele kaifunga godoro kuukuu, na kila jioni wachezaji wakaisukuma kwa mabega mpaka nyasi zikang'oka. Msimu uliofuata walipoichapa timu ya nchi jirani, dada yangu alimkuta mumewe jikoni analia, sufuria mkononi.

Kisha wakafungwa mechi nne mfululizo. Mwenyekiti wa chama cha raga akamwambia bila kupepesa macho: "Ukifungwa tena, nenda kachomelee mageti yako." Hata sare ingemwokoa. Dada na mimi tulijua. Wachezaji hawakujua, na alitukataza kufungua mdomo.

Dakika ya mwisho ya mechi iliyofuata tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, tukapata penalti mbele ya goli. Kuipiga golini ni pointi tatu: sare, na kazi inabaki. Kuomba skramu, wasukumane nane kwa nane mpaka wavuke na mpira mstari wa goli kwa pointi tano, ni kutafuta ushindi au kukosa vyote. Kapteni akamtazama kocha. Mimi jukwaani napayuka, "Piga! Piga golini!" Shemeji akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Siku zote aliwaambia wachezaji kwamba uwanjani mwenye kauli ya mwisho ni kapteni, na shemeji yangu mkaidi hakubadilika hata siku ile.

Kapteni akaomba skramu. Wakasukuma kama walivyozoea kuisukuma ile mashine, wapinzani wakarudi nyuma, uwanja mzima ukasimama. Hatua moja kabla ya mstari, mpira ukawaponyoka. Filimbi ya mwisho ikalia.

Jumatatu nilikwenda karakanani nimevimba kwa hasira. Nikamkuta anaunga mguu wa mashine uliovunjika.

"Wamekufukuza, na bado unawatengenezea?"

"Sasa kwa kocha mpya watasukuma nini, shemeji?"

Kapteni akaingia, macho mekundu. "Mwalimu, si ungetuambia!"

"Ningewaambia, mngepiga golini."

"Ndiyo, tungepiga!"

"Na mlikuwa na uwezo wa kushinda." Akashusha kinga ya macho. "Haya, shikeni hapo, isitikisike."

Hasira zangu zilikuwa hazijaisha. Nikashika.