Nilichoma Kitabu Ambacho Kingemtoa Shemeji Kizuizini

Nimekosa, na sina wa kumsukumia lawama. Jina langu msilitafute. Jueni tu kwamba ninapima vitambaa katika duka la Mhindi mmoja hapa Thika, na kwamba shemeji yangu alifungwa kwa sababu ya kiburi changu.

Kitabu chenyewe nilikipata ndani ya sanduku la vitu vikuukuu alivyouza mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kamusi nene, jalada limetoka. Kiingereza changu kilikuwa cha kuuzia shuka tu, lakini nilipoifungua nikaona neno "run", neno dogo vile, limejaza ukurasa mzima. Mtu akikimbia, run. Maji yakitiririka, run. Mashine ikifanya kazi, run. Kuendesha duka, pia run. Na kila maana ilikuwa na neno lake la kando: correr, fluir, funcionar, dirigir.

Basi nikajiamulia kwamba hayo ya kando ndiyo Kiingereza cha wakubwa. Ujinga ulioje!

Shemeji, mume wa dada yangu Njeri, alikuwa akipalilia kahawa katika shamba moja la Ruiru. Karani wa mizani alikuwa ameondoka, na mwenye kujua Kiingereza ndiye angepewa kazi hiyo pamoja na nyumba ya mawe. Kila Jumapili nikawa nakwenda kumfundisha. Nikiingia napewa kiti cha pekee chenye mgongo, na Njeri ananiita Mwalimu mbele ya majirani. Nilivimba kichwa.

"Watu wadogo ndio wanasema run kwa kila kitu," nilimwambia shemeji. "Wewe sema funcionar. Mzungu mwenye shamba atashtuka."

Siku tatu kabla hajaitwa kujaribiwa kwa kazi ile, Mgoa mmoja, karani wa stesheni, alikuja kununua kitambaa cha suruali akakiona kitabu kwenye kaunta. Akakifungua, akacheka.

"Hii nusu ni Kispanyola, maneno ya watu wa Spein. Wewe nasoma ya nini?"

Baiskeli nilikuwa nayo. Pasi, kibali cha serikali cha kutoka Thika, nilikuwa nayo. Ningefika Ruiru siku ile ile nikamwambia. Lakini niliona aibu, nikajidanganya kwamba huenda asiulizwe mengi.

Siku yenyewe mwenye shamba alimuuliza mashine ya kumenya kahawa inaendeleaje. Akajibu kama nilivyomfundisha, na maneno yote manne akayatoa. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, jamani, na mzungu anasikia lugha asiyoijua kinywani mwa Mkikuyu! Akataka kujua ni lugha ya kiapo gani cha wapiganaji wa msituni, akaita askari. Shemeji akashikilia kwamba ni Kiingereza, wakaona anawadhihaki. Akapakiwa kwenye lori. Walipomuuliza nani alimfundisha, hakunitaja.

Kesho yake Njeri alikuja dukani, mtoto mgongoni.

"Muru wa maitu, mwana wa mama yangu," aliniambia, "nipe ile kitabu niwapelekee. Wakiona hiyo maneno imeandikwa, watamwachilia."

Kitabu kilikuwa chini ya kaunta, karibu na goti langu. Nikamwambia dada yangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, kwamba kimepotea. Niliogopa wangeuliza ni cha nani. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya duka nikakichoma.

Shemeji alikaa kizuizini miaka mitatu. Amerudi mwezi uliopita, amekonda, meno ya mbele hana. Nilipokwenda kumwona alisimama akanipa kile kiti cha mgongo.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikosea wapi? Ile neno ya mashine nilisema vibaya?"

Nikamjibu kwamba alikosea matamshi kidogo. Akatikisa kichwa, akaniomba radhi.

Wewe unayemfundisha mwenzako, ukigundua umempotosha, nenda ukamwambie siku hiyo hiyo, hata kama atakucheka. Haya nimeweza kuwaandikia ninyi msionijua. Yeye bado sijamwambia.