Gemu la Ngoma na Ruhusa ya Mama

Juzi Somoe, ninayekaa naye dawati moja, alinionyesha kwenye simu ya dada yake lile gemu la Kijapani la kupiga ngoma. Nikajifanya silijui.

Nililicheza nikiwa mdogo, kwenye kibanda cha gemu pale Mkomaindo, ng'ambo ya hospitali alikolazwa mama. Kibandani kulinuka jasho na korosho za kuchoma. Mashine ilikuwa na ngoma yenyewe na vijiti vyake, na kwenye kioo kulikuwa na hadithi: msichana anamtafuta mama yake mgonjwa, na kila wimbo ukiupiga bila kukosea, anasogea. Maandishi hatukuyaelewa. Mimi nikaamua kwamba akimfikia, mama yangu naye atapona.

"Piga kama uko ngomani, we mtoto! Mbona unaipapasa?" alinicheka binamu yangu Shaibu.

Nikapiga mpaka mikono ikawaka moto. Msichana akafika, mama yake akainuka kitandani, watoto pale kibandani wakashangilia. Nikakimbilia wodini. Bibi alikuwa anafunga vyombo kwenye kanga.

"Shikamoo bibi. Mama amepona?"

"Marahaba. Tumeruhusiwa, mjukuu wangu. Twende nyumbani."

Sasa najua kwamba mgonjwa huruhusiwa hata pale dawa zinaposhindwa. Siku ile sikujua. Ndani ya gari la kukodi, njia nzima mpaka Mnyambe, niliwasimulia jinsi nilivyomponya mama. Bibi alitazama dirishani tu. Mama alikuwa amelala mapajani kwake. Akanishika kidole, akasema taratibu, "Ahsante, mwanangu. Umepiga vizuri."